Wapi Dar nitakodi mtungi wa oksijeni? Mzee kazidiwa na kifua

Mtoto wa Segerea: Wakuu habari za usiku. Mzee wangu ana miaka 61, kapimwa juzi kakutwa na korona, homa imeshuka ila kale kamashine ka kubana kidoleni kanasoma oksijeni ya damu asilimia 89, saa nyingine 90. Hospitali zimejaa na mwenyewe hataki kusikia habari ya kulazwa. Nahitaji mtungi wa kukodi nimuwekee nyumbani, nani anajua pa kuupata kwa bei ya kibinadamu? Naomba ushauri, matusi hapana.

Mzaramo Halisi: Oksijeni ya nini mkuu, mpigeni nyungu. Mwarobaini, mchaichai, majani ya mpera, ndimu na maganda yake, mfunike blanketi zito. Mimi mwaka jana mwezi wa nne nilikuwa sisikii harufu hata kitunguu kikiungua, nyungu ikanirudisha nikaenda zangu shamba.

Mama Wawili: Alichanja? Tangu Mama Samia azindue chanjo tarehe 28 Julai 2021 wenye miaka 50 kwenda juu na wenye magonjwa sugu ndio waliowekwa mbele, na sindano yenyewe ya Johnson ni moja tu. Mkawa bize kusambaza klipu za WhatsApp, sasa mnatafuta mitungi.

Nesi wa Zamu: Pole mdogo wangu. Kabla ya mtungi nijibu, mzee ana ugonjwa mwingine?

Mtoto wa Segerea: Presha hana, sukari hana. Ana shida kidogo ya neva ila hiyo ya siku nyingi, haihusiani.

Nesi wa Zamu: Kidogo vipi? Anatembea? Anameza?

Mtoto wa Segerea: Hatembei tangu mwaka juzi. Mikono haishiki hata kifungo cha shati, maneno yake anayaelewa shangazi peke yake, uji tunampa mzito maana maji yanampalia. Madaktari wanaita MND. Usiku huwa analala na mashine ya kupumulia, baipapu, ila tumeizima tangu majibu yatoke maana kaka kasoma kwamba inapuliza virusi nyumba nzima na humu kuna watoto. Ndo maana nataka oksijeni. Nyungu shangazi alishampiga Jumapili, mzee akawa anapepesa macho tu ndani ya blanketi kumbe anataka atolewe. Na msije na maneno, mtungi kuna jamaa nimeshamlipa nusu, natafuta tu wa bei nafuu zaidi.

Nesi wa Zamu: Hapo ndo palipo na kesi yenyewe. MND inaua neva zinazoamrisha misuli, pamoja na ule mkubwa wa chini ya mbavu unaovuta pumzi. Kabla ya korona mapafu ya mzee yalikuwa mazima, shida ilikuwa pampu. Sasa korona imemkuta mtu asiye na nguvu ya kukohoa makohozi yakatoka. Ukimpa oksijeni tupu bila mashine, namba ya kidoleni itapanda utafurahi, huku hewa chafu haitoki inajaa kwenye damu, anaamka na kichwa kinamuuma, anasinzia hovyo, mwisho haamki. Na kale kamashine hakapimi hewa chafu. Mchana anasinzia?

Mtoto wa Segerea: Anasinzia ndiyo ila ni homa.

Nesi wa Zamu: Si umesema homa imeshuka? Kaka hajadanganya, baipapu inasambaza virusi kweli, ila dawa yake siyo kuizima. Watoto wahame, madirisha wazi, anayemhudumia avae barakoa ya N95 na awe mmoja. Kuna filta ya virusi inayofungwa kwenye mpira wa hewa wa mashine lakini inaendana na aina ya maski, msijichomekee wenyewe. Oksijeni ikihitajika inapitishwa humohumo kwenye mashine, daktari akiipima. Mpigie daktari wake wa neva usiku huu, na mkifika hospitali neno la kwanza liwe MND.

Fizikia Tamu: Hiyo MND si ndo ya yule mwanafizikia Stephen Hawking? Aligundulika 1963 ana miaka 21, akaondoka 2018. Usikate tamaa mkuu.

Mama Wawili: Hawking alikuwa na manesi saa 24, mzee wa Segerea ana shangazi na blanketi.

Mzee wa Faili: Ngojeni kwanza. Huyu jamaa mwezi wa tatu alileta uzi wa mirathi, nyumba ya marehemu baba yake, mama wa kambo kagoma kutoka. Leo baba kafufuka anatafuta oksijeni? Hii ni chai, tena ya maziwa.

Mzaramo Halisi: Hahaaa nipisheni niagize chapati.

Kisu Butu: Subirini namba ya kumtumia hela inakuja.

Mtoto wa Segerea: Aliyefariki ni baba mzazi. Huyu ni baba mdogo, kanilea tangu darasa la pili, kwetu baba ni baba. Na hela ya mtu sijaomba.

Mzee wa Faili: Weka picha ya mashine.

Kisu Butu: Kwani ile nyumba iliishaje? Maana na mimi nina mama wa kambo Kigamboni kakalia hati.

Nesi wa Zamu: Mtoto wa Segerea achana nao. Mashine imewashwa?

Mtoto wa Segerea: Imewashwa sasa hivi. Kaka kanuna, kahamia sebuleni na watoto. Shangazi analalamika dirisha likiwa wazi mbu wataingia. Daktari hapokei, nampigia tena. Ila mtungi nauchukua tu, jamaa kasema hela hairudi.

Kisu Butu: Kama hautautumia nishtue mkuu, mama mkwe wangu anasoma 86.

Nesi wa Zamu: 86 hospitali sasa hivi, na ufungue uzi wako.