Elfu kumi na tano iliyofika thelathini na sita

Kundi la simu la familia: Ukoo wa Bibi, Mbagala
Jumapili, saa 2 usiku

Zuwena: Shikamooni wakubwa zangu. Asanteni kwa jana, sendi-ofu ya Salma ilifana, mpaka sasa bado nasikia vigelegele. Ila kuna jambo limenikaa rohoni, naona bora niliseme hapa.

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Sema.

Zuwena: Ijumaa nilienda kutengeneza kucha, saluni moja karibu na kazini. Nikauliza kabisa mlangoni: kubandika na kupaka jeli bei gani? Nikaambiwa 15,000. Nikakaa. Namaliza, nadaiwa 36,000.

Mama Salma: Eeh! Imefikaje huko?

Zuwena: Kutoa zile za zamani 5,000. Urefu 5,000. Ule mstari mweupe wa nchani 5,000. Vijiwe sita, kimoja 1,000. Njiani hakuna aliyenitajia bei ya kitu. Vijiwe dada alinishika kidole akauliza "nikuwekee hapa?", nikadhani ndio urembo wake wa kumalizia, nikaitikia.

Zuwena: Mkononi nina 20,000. Watu wamejaa wanangoja kiti, wote macho kwangu. Ndipo nikampigia kaka Idrisa.

Idrisa: Ile 16,000 sikudai, hilo limeisha. Lakini dada yangu, 36,000 unajaza mtungi mdogo wa gesi na chenji inabaki. Si kuna wale vijana wanaopita na kikapu wanagonganisha chupa za rangi? Kwa nini msipake kwao?

Mama Salma: Idrisa mdogo wangu, Zuwena anasimama dukani kutwa nzima, hiyo hela ni jasho lake. Siku ya shughuli anataka mikono ipendeze, ana haki. Wale vijana wanapaka rangi ya kawaida, ukifua mara mbili imebanduka. Na msasa mmoja unapita kwenye kucha za mtaa mzima. Mimi fangasi ya kidole gumba cha mguu ilinihangaisha miezi, nilishakoma.

Idrisa: Hapo kwenye msasa nimekuelewa dada. Sikulijua hilo.

Rehema: Samahanini, nilikuwa na mteja. Nimesoma kuanzia juu. Zuwena, pole sana. Mimi ndiyo kazi yangu hii, kwa hiyo nitasema pande zote mbili.

Rehema: 5,000 ya kutoa naitetea. Kutoa kucha ni kazi: unakwangua jeli ya juu, unalowesha pamba kwenye asetoni, unafunga kila kidole kwa foili, dakika 15 mpaka gundi ilainike, halafu unasukuma taratibu. Nikiwa natoa siwezi kumshika mteja mwingine. Na hata hiyo 15,000 msidhani yote inaingia mfukoni mwa fundi. Pale nilipo nagawana na mwenye saluni nusu kwa nusu, nabaki na 7,500. Kucha, gundi, jeli, asetoni, barakoa ya vumbi, vyote nanunua mwenyewe Kariakoo.

Rehema: Nisichokitetea ni fundi kunyamaza mpaka mteja anasimama. Yule dada alijua bei ya kijiwe kabla hajakugusa kidole. Alitakiwa aseme "kimoja 1,000, niweke?" Hayo ni maneno manne!

Shangazi Mwajuma: Sasa kwa nini hawaandiki bei ukutani wakamaliza?

Rehema: Shangazi, ukiandika 30,000 kamili, mteja anaona jirani kaandika 15,000 anakwenda huko. Na huko jirani atatoka na 30,000 hiyohiyo, ila ataijua mwishoni. Kwa hiyo kila mtu anataja ile ndogo ya kuvutia. Mwenye saluni wangu nimemwomba mara mbili tubandike bei, hataki.

Halima: Nawasalimu wote kutoka huku Ujerumani. Huku sheria inamtaka mwenye saluni aonyeshe bei zake. Mimi jeli nalipa yuro 45, ni hela nyingi, lakini naijua nikiwa bado nje mlangoni, nikiona siiwezi napita.

Halima: Rehema, halafu angalia chupa zako. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku jeli zenye TPO, ile kemikali inayofanya jeli ikauke kwenye taa. Fundi wangu alitoa chupa kadhaa akaweka pembeni.

Rehema: Nashukuru dada. Shida ni kwamba chupa nyingine ninazokuta sokoni hazina hata orodha ya vilivyomo. Hizo nitaacha kununua.

Rehema: Zuwena, nitumie picha ya kucha, hasa dole gumba.

Zuwena: [picha]

Zuwena: Imeinuka upande mmoja. Chini yake kuna wekundu, nikigusa maji ya moto inauma. Alipitisha mashine, nikasikia joto nikavuta mkono, akasema tulia dada.

Rehema: Alisaga mpaka kwenye kucha yako. Ona pale pembeni, imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Hiyo usiingoe kwa meno wala usiibandike tena kwa gundi, maji yakikaa humo ndani itaharibika zaidi.

Shangazi Mwajuma: Maskini mkono wa mwanangu. Sisi tulikuwa tunatwanga majani ya mhina, unafungwa vidole kwa vitambaa, unalala nayo. Asubuhi kucha nyekundu, damu ya mzee, na udhu unashika bila wasiwasi. Kwa shughuli ijayo nitawatwangia mwenyewe. Piko sitaki kuisikia, iliwahi kumbabua mtoto wa jirani mkono mzima.

Mama Salma: Shangazi, mimi niandikie nafasi ya hina.

Zuwena: Na mimi. Ila Rehema, hizi za sasa nitazitoaje?

Rehema: Njoo Jumatano saa 4 asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Nitatoa zote kumi pole pole, halafu kaa bila kubandika. Kucha ya mkono inachukua kama miezi 4 hadi 6 kukua yote, kwa hiyo hilo dole gumba livumilie.

Zuwena: Bei gani yote kwa jumla?

Rehema: Kutoa 5,000. Kukata na kupiga msasa humo humo. Mafuta ya kupaka usiku nakupa mimi, hayana bei. Hakuna kingine.

Zuwena: Nakuja na 5,000 yangu.

Rehema: Na mwenye saluni nitamwomba mara ya tatu kesho. Akikataa, nitaandika bei zangu kwenye karatasi niiweke mezani kwangu, mteja aisome akiwa anakaa.

Idrisa: Niandikie hapa nikuchapie dukani, nitaipitisha na nailoni isilowe asetoni.

Rehema: Nakutumia sasa hivi kaka. Naanza na bei ya vijiwe.