Naomba ushauri: vichuguu kwenye filamu ya kaboni baada ya kupigwa ioni za fedha

Mtafiti_Mgeni:
Wakuu, habari za jioni. Ninasoma uzamili wa fizikia nchini India, na natakiwa kukabidhi tasnifu baada ya majuma mawili. Nilipiga filamu ya kaboni ifananayo na almasi, yenye unene wa nanomita 200 juu ya silikoni, kwa ioni za fedha, yaani atomi zenye chaji, zenye nishati ya MeV 120 (elektronivolti milioni 120), hadi dozi ya ioni 10¹³ kwa kila sentimita ya mraba. Hadubini ya nguvu za atomi inaonyesha vichuguu vipatavyo 60 katika maikromita moja ya mraba, ilhali filamu isiyopigwa ni laini kabisa. Nifafanueje kwamba kila kichuguu ni mahali ioni moja ilipopita?

Mama_Ombwe:
Karibu, mdogo wangu. Ioni yenye kasi hiyo haihangaiki sana na viini vya atomi. Nishati yake huchukuliwa na elektroni, zaidi ya keV 10 (elektronivolti elfu kumi) kwa kila nanomita, na uzi mwembamba wa kaboni unaoizunguka njia yake hupata joto kali kisha hupoa kwa ghafla. Vifungo vya sp3, vilivyo vya almasi, hugeuka kuwa sp2 vya grafiti, na kwa kuwa grafiti huhitaji nafasi kubwa kuliko almasi, kaboni hiyo hufura na kuinua uso. Vichuguu vya aina hiyo vipo kweli.

Mzee_Hadubini:
Umenikumbusha filamu zangu za C60, zile molekuli za kaboni zenye umbo la mpira. Dozi ndogo iliunganisha molekuli kuwa polima, nikafurahi. Nilipoongeza dozi, molekuli zikavunjika na nikabaki na kaboni isiyo na mpangilio wowote. Je, umepima Raman, yaani mwanga wa leza unaotawanywa na vifungo vya kaboni? Kumbuka kwamba leza ya kijani huiona sp2 kwa urahisi mno kuliko sp3.

Hesabu_Kwanza:
Swali lake halijajibiwa. Ioni 10¹³ kwa sentimita ya mraba ni ioni 100,000 kwa maikromita ya mraba, nawe umehesabu vichuguu 60. Halafu, ile filamu laini ilitengenezwa siku moja na hiyo iliyopigwa?

Mcheshi_wa_Maabara:
Ioni 99,940 zimepita bila tiketi!

Mtafiti_Mgeni:
Zote mbili zilitengenezwa kwa gesi ileile na volti ileile.

Hesabu_Kwanza:
Nimeuliza siku, ndugu yangu.

Mtafiti_Mgeni:
Ile laini ilitengenezwa miezi miwili baadaye, kwa sababu kipande kilichobaki cha mkupuo wa kwanza kilivunjika. Hata hivyo sioni tatizo, kwani mashine ni ileile, msimamizi ameshaiona picha, na sura ya nne imekwisha kuchapwa.

Mwalimu_Mstaafu:
Mwanangu, sura iliyochapwa hufutika. Mwambie msimamizi wako kabla mtahini hajamwambia.

Ngoja_Kidogo:
Nadhani uzi huu umetungwa. Nishati, unene na dozi ni mambo ambayo yeyote huyanakili kutoka kwenye makala, lakini aliyekesha kwenye chumba cha mashine angetaja mkondo wa ioni na muda.

Mtafiti_Mgeni:
Sijatunga. Daftari langu lipo hapa: Ag 9+ (ioni ya fedha yenye chaji tisa), volti milioni 12, mkondo nanoampea 9, dakika 3.

Ngoja_Kidogo:
Dakika tatu kwa 10¹³? Basi nilichosema ndicho.

Hesabu_Kwanza:
Subiri. Nanoampea 9 kwa sekunde 180, ikiwa shabaha ni sentimita moja ya mraba, ni chaji 10¹³ kamili. Chaji, si ioni. Kila ioni ilibeba chaji tisa, naye hakugawanya kwa tisa, kwa hiyo dozi yake halisi ni kama 1.1 × 10¹². Hata volti inakubaliana: milioni 12 mara moja kwa ioni hasi inapoingia kwenye mashine ya kuongeza kasi, kisha mara tisa inapotoka ikiwa na chaji tisa, jumla MeV 120. Mtunzi angepanga hesabu yake ikapatana; kosa la namna hii hulifanya mtu aliyekuwepo, tena usiku wa manane.

Ngoja_Kidogo:
Nimekubali. Samahani, mkuu.

Hesabu_Kwanza:
Bado lakini ni ioni 11,000 dhidi ya vichuguu 60. Filamu yako ilishikiliwa na kibanio?

Mtafiti_Mgeni:
Ndiyo, kilifunika kama milimita mbili ukingoni.

Mama_Ombwe:
Hapo ndipo penye sampuli yako ya kulinganishia: filamu ileile, siku ileile, bila ioni. Pima chini ya kibanio.

Mtafiti_Mgeni:
Wakuu, nimerudi baada ya siku nne, kwani hadubini ina foleni. Chini ya kibanio vichuguu ni 57. Upande uliopigwa kilele cha G cha Raman, kile cha vifungo vya sp2, kimesogea kuelekea 1580, mahali pa grafiti, na chini ya kibanio hakikusogea, kwa hiyo ioni zimefanya kazi yake, ila si hiyo niliyoiandika. Sasa naomba ushauri mwingine: sura ya nne niipe jina gani?