Tukipiga marufuku kamari itakoma kweli? Watu wa Tanga tujadili

Ndugu zangu, jana baada ya Isha barazani kwetu Ngamiani palizuka ubishi. Mzee mmoja ninayemheshimu kama baba alisema serikali ifute kamari yote, mashine na kubeti. Sikumbishia mbele ya watu, ila sikukubali, ndiyo maana nalileta hapa.

Jirani na kwetu kuna duka, mlangoni wameweka dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu. Juzi mchana alikuja mtoto wa shule, sare bado mwilini, katumwa mafuta ya kula. Akatumbukiza sarafu ya mia mbili, ikaliwa. Ya pili, ikaliwa. Ya tatu mashine ikamtemea sarafu nne, akacheka, na hapo ndipo aliponasa. Alirudi nyumbani na chupa tupu.

Sasa, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamkataza aliye chini ya miaka 18. Kwa mtoto yule marufuku ipo tangu hajazaliwa! Haikumsaidia, kwa kuwa dubwi lenyewe liko palepale kwenye mchele na sabuni.

Norway mwaka 2007 waliziondoa mashine za sarafu zote, madukani na kila mahali. Wachezaji wengi hawakuhamia kwingine, na waliokuwa wakipiga simu kuomba msaada walipungua. Zilipokuja mashine nyingine mwaka 2009, ilikuwa lazima kadi yenye jina lako, na ukishapoteza kiasi kilichowekwa inakukatalia. Kwa hiyo madubwi yatoke mitaani, hapo niko na mzee.

Ila kubeti kwa simu sioni utakuondoaje. Ukizifunga kampuni zenye leseni, kijana ataingia kwenye za nje, akidhulumiwa hana pa kushtaki. Marekani waliwekea kubeti michezo sheria ya kuzuia mwaka 1992. Hadi Mahakama ya Juu inaifuta mwaka 2018, watu walikuwa wakibeti chini kwa chini miaka yote hiyo. Nyie mnaonaje?

Mchangiaji: Kaka, mimi ni bodaboda, kijiwe changu Makorora. Mbona simu unaionea huruma? Dubwi linakula mia mbili mbili, mkeka, yaani orodha ya timu unazobetia kwa simu, umekula hesabu ya bosi siku nne mfululizo. Timu moja tu iliuchana, kila siku moja. Pikipiki ikachukuliwa, mke akarudi kwao Pongwe. Wafunge zote.

Mtoa mada: Pole sana ndugu yangu, na siihurumii simu. Nataka kitu kitakachokushika kweli. Kikomo cha siku kifungwe kwenye namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, siyo kwenye laini, maana laini mtu anazo tatu. Na matangazo ya kubeti yaondolewe redioni mchana, watoto wanayaimba. Nikuulize kwa heshima: siku ile simu ingekukatalia baada ya elfu tano, ungeacha?

Mchangiaji: Siku ya kwanza ningeacha. Siku ya nne ningeazima simu ya mwenzangu, Mungu anisamehe.