Mrejesho: kugongana kwenye Rory O'More

Wakuu, asanteni. Niliuliza kwa nini wacheza dansi ya kontra (dansi ya jadi ya jozi zilizopangwa kwenye mistari) hugongana kwenye Rory O'More, yaani hatua ya kuyumba kisha kupishana na jirani kwa mzunguko, wakiwa mstari mrefu, huyu anatazama huku, mwenzake kule. Tatizo ni kuzunguka papo hapo. Kinachotakiwa ni kusogea.

Fundisha kwanza bila kuzunguka. Kila mtu amtambue aliyemshika mkono wa kulia. Hesabu 4 (midundo minne ya muziki): yumba kulia, kisha kushoto. Hesabu 4: achia, teleza kulia ukipishana naye, mshikane mikono ya kushoto. Hesabu 8 zinazobaki ni kinyume chake. Ndipo uongeze mzunguko, kufuata mwendo wa saa ukienda kulia.

Anayeanza kuyumba kushoto kabla ya kwenda kulia hukwama: uzito unaishia mguu wa kulia, ndio anaouhitaji kuondokea. Na anayechelewa kuachia mkono humvuta mwenzake (hili ndilo sugu).