Mrejesho: Wraithguard wangu hatimaye wamefyatua

Wakuu, nilikuja hapa kuuliza kuhusu Warhammer 40,000, mchezo wa vita wa mezani wa vinyago na dadu: kwa nini Wraithguard wangu, wale askari wa Eldar (jamii ya viumbe ninayoichezea) wanaoendeshwa na roho za wafu wao, wanafagiliwa kabla hawajafyatua. Mkanijibu: usiwatembeze, wapakie kwenye Wave Serpent, gari la Eldar la kubeba askari.

Jumamosi tumecheza hapa Area C, Dodoma, mezani kwa kaka, vilima vyetu ni vijiwe nilivyookota Mlimwa. Gari nikalificha nyuma ya kijiwe kikubwa, zamu iliyofuata wakashuka watano, Rhino la kaka, gari lake la kubeba askari, liko mbele yao. Wraithcannon, bunduki yao, inapasua mpaka kati ya ulimwengu huu na Warp, ulimwengu wa roho, aliyelengwa anavutwa humo. Ila ni risasi moja tu kwa kila askari, mikono ilinitetemeka. Mbili zikatoboa. Dadu za madhara: sita, kisha tano. Kaka akalitoa Rhino mezani bila neno.

Aliyenishauri D-scythe, silaha yao nyingine, nimeijaribu mchezo wa pili. Haihitaji dadu ya kulenga, na kwa askari wa miguu ni balaa, lakini lazima umsogelee adui mno. Kwa magari nabaki na Wraithcannon.

Asanteni sana, mmenifaa kweli.