Likizo ya sendofu nimenyimwa, nimwandikieje meneja?

Wapendwa, salaam kutoka Leicester. Mdogo wangu anaolewa, na sendofu yake, yaani sherehe ya kumuaga kwao, ni Tabata mwezi ujao, nikaomba likizo ya siku 5. Meneja akaniuliza, "Kwani anahama kazi?" Kwake neno lile ni keki ya ofisini na kadi ya kusaini. Likizo nikanyimwa, na nimeumia sana. Nimwelezeje?

---

Pole sana dada. Mimi nilirudi Dar baada ya miaka 11 huko, sasa niko Sinza. Usikubali jambo hili lipite hivihivi.

Waingereza neno hilo wanalitumia kwa yeyote anayeondoka: anayestaafu, anayesafiri, hata marehemu anayekwenda kuzikwa. Sisi tumelichukua tukampa mtu mmoja tu, binti anayetoka kwao. Jumamosi nilikuwa kwenye sendofu ya mpwa wangu, Ubungo. MC akamwambia amtafute mwenzake kati ya wageni. Binti akazunguka meza kwa meza na shada mkononi, akampita mara mbili bila kumwona. Alipomvika, ukumbi mzima vigelegele, na dada yangu anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Hiyo ndiyo shughuli ya upande wetu wa mwanamke. Ya siku ya ndoa mara nyingi wanaishika wa upande wa mume. Ukiikosa, umekosa harusi ya kwenu.

Kwa hiyo kwenye barua neno sendofu liache. Andika kwamba mdogo wako anaolewa na hii ni sherehe ya familia ya bibi harusi. Kadi ambatanisha, ila eleza kwamba dabo ni ya kuingia watu wawili. Kichen pati usiitaje kabisa! Atadhani watu wanakula jikoni, kumbe ni ukumbi wa wanawake watupu, somo anamfunda binti, na zawadi za vyombo.

Ndivyo maneno yalivyo yakishahamia kwetu. Hela ilikuwa sarafu ndogo ya Wajerumani, kuanzia 1904 hela 100 zilifanya rupia moja. Leo ni pesa yoyote, hata hiyo ya mchango unayoitumia kamati kwa simu.

---

Kaka amesema kweli. Mimi niko Reading, natunza wazee. Bibi mmoja alimwaga chai, nikamwambia sori, kwa maana ileile ya pole ambayo ningempa mtu aliyejikwaa Kariakoo. Msimamizi akaandika kwenye ripoti kwamba nimekiri kosa. Nilihangaika wiki 2 kulisafisha jina langu, na usingizi sikuupata. Siku hizi mtu akipatwa na jambo namuuliza kwanza kama ameumia.

Dada, omba kuonana na meneja ana kwa ana. Barua itume hapa leo usiku tuisome kabla hujaipeleka.