Spika za milioni tatu na nusu, nichukue au niache?

Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa hapa Mwanza, huku Capri Point, anahama, anauza spika zake mbili zile ndefu za kusimama chini, zimetoka Uingereza, anataka milioni tatu na nusu bila amplifaya. Jana nimeenda kuzisikiliza akaniwekea dansi la zamani, wallahi nimesikia mwimbaji anavuta pumzi kabla hajaanza, na kuna gitaa pale katikati ambalo kwenye sabufa yangu ya laki mbili miaka yote sikujua kama lipo. Nimerudi Nyegezi nimewasha ya kwangu nikaizima. Ila wife anasema hiyo hela ni tofali na bati, na mimi mwenyewe roho inasita. Zina thamani hiyo kweli au nalipia jina na mbao?

fundi koni
Mkuu mimi natengeneza redio hapa Mlango Mmoja mwaka wa kumi na moja huu. Ulichosikia ni cha kweli, spika nzuri ipo na inajulikana. Ila umesikia na sebule yake pia, ina zulia, mapazia mazito, makochi, wewe kwako je? Simama katikati ya sebule yako piga kofi moja, kama mlio unadunda kwenye vigae na ukuta hizo spika zitakuumiza masikio tu. Na besi ndo balaa zaidi, chumba cha mita 4 kinavuma chenyewe kwenye hezi 43 hivi, yaani mtetemo mara 43 kwa sekunde, besi ya chini kabisa, ukisogeza spika kwenye kona kinazidi. Anza na zulia, vuta na sabufa yako mbali na ukuta, ndo urudi kwenye bei. Kitu kingine, watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive mwaka 1994 waliwasikilizisha watu spika zikiwa zimefichwa, halafu wakaziona, na alama walizotoa zikabadilika. Macho yanasikiliza mkuu. Rudi usikilize umefumba.

Mama wa Igoma
Mdogo wangu mimi nilinunua za bei inayokaribiana na hiyo na sijutii hata siku moja, jioni nikitoka sokoni ndo mapumziko yangu. Ila amplifaya ilinitesa. Uliza desibeli zake, yaani inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa wati moja, spika ya 84 inataka wati mara mbili ya spika ya 87 ili zifike sauti moja, mimi sikuliangalia hilo nikaongeza hela nyingine ambayo sikuipanga.

kirumba boy
Jenga kwanza kaka.

fundi koni
Mama kasema kweli. Halafu nilisahau, toa kile kitambaa cha mbele, gusa taratibu ile ringi inayozunguka koni, ile duara inayotetemeka. Ikiwa ya mpira sawa. Ikiwa ya foam, yaani sponji, na imekuachia unga mweusi kidoleni imeoza, na unyevu wa ziwa huku hauihurumii foam. Hapo bei ishuke.

Mwenye uzi
Nimetoka huko saa hizi. Nimefumba macho kama ulivyosema na pumzi ya mwimbaji bado ipo, hilo halijabadilika. Ila nimegusa ringi ya kushoto kidole kimetoka cheusi na kipande kimebanduka kabisa, jamaa mwenyewe kashtuka, hakujua. Nimemwambia milioni moja na laki nane, amesema atanijibu Jumapili. Fundi, kubadilisha ringi zote mbili ni bei gani? Zulia tayari nimetandika.